Ndoyi, Mushale Yako Mulevi

Ndoyi yangu, mwenzangu wa jina, Kasereka,

Usishangae kupata barua. Najua haukupendaka kusoma, na zaidi haukupendaka kusoma maandiko yangu. Ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea kama kuku yenye kufungwa muguu moja. Bon, zinatembea vile vile mpaka leo. Nilifika darasa ya tatu, troisième primaire, nikatoka mbio juu mwalimu alikuwa na fimbo kuliko chaki, na depuis, kutoka ile siku, sijapata fasi ya kuongeza akili. Donc utasoma polepole. Sasa uko na wakati.

Mara tatu nimekaa ku meza na iyi kaye ya kuandikia, mara tatu nimesimama. Kiti inaniuma. Nimeenda kuangalia kama mbuzi imefungwa: imefungwa. Nimerudi kuangalia kama imefungwa muzuri: imefungwa muzuri, na yenyewe inaniangalia vile mutu anaangalia muzee mwenye kuanza kupotea kichwa. Kuko neno moja mu tumbo yangu, ndoyi, na ile neno ni ya kumwambia bibi yako Kavira. Depuis matanga yako naitembeza kama mimba. Kila asubui nasema ni leo. Nafika ku mulango yake, anasema, "Bwana ya jina, karibu," nakula viazi yake, nasifu viazi yake, narudi kwangu na neno yangu mu tumbo, juu ya viazi.

Unakumbuka namna alianza kuniita vile. Juu mimi na weye tuko Kasereka bote babili, kila mumoja kijana wa tatu kwa mama yake, na kwetu kijana wa tatu njo Kasereka, alisema Mungu alimupa Kasereka babili: mumoja wa kitanda, mumoja wa kumaliza chakula.

Kwanza nikupe habari. Barrière ya basoda, ile kamba yabo ya kufunga njia, imetoka kule ku kilima, imeshuka karibu na soko; sasa hata mwenye kubeba kikapo ya majani ya mbuzi anasimama kueleza majani inaenda wapi. Bale ba mwaka jana bameondoka, bengine bamekuja. Kofia yabo iko rangi ingine, mais banapenda kuku zile zile. Katekista wetu amepata biatu bipya, binalia mu kanisa kuliko batoto. Fasi yako ku banc ya nyuma, ile ya kulala wakati ya mahubiri, imechukuliwa na muzee wa ku kinu. Anakoroma vibaya. Weye ulikuwa unakoroma na adabu.

Ku mulango ya jiko yako kiti mbili bado iko pale. Yako ya miguu tatu, yenye ulikuwa unakaa kuchonga upinde, na yangu, ile ya kulia. Mutu akiikalia tu, inasema nyeee, kama mulango ya zamani. Nilikuomba miaka mingi uitengeneze, weye mwenye unajua mbao. Ulikataa. Ulisema ni kengele yako, ya kukuonya kama nimefika ufiche kikombe.

Nani atanitukana sasa, ndoyi? Mutu anaweza kukosa chumvi. Kukosa mutu wa kukutukana asubui ni kitu ingine.

Batu ba upande wa Beni, kule mashamba inagusana na pori, bakipanda huku Musienene kutafuta upinde ya kufukuza nguruwe ya pori, balikuwa banapita kwako mbele. Weye unapima mukono ya mutu, unamuuliza kama analalaka muzuri, sijui juu ya nini, unamupa upinde. Kisha mimi naichukua, naivuta mara mbili, nasikia kama iko kali ao laini, njo natafuta miti ya mishale yenye kuendana nayo. Juu upinde na miti ya mishale banaoana. Upinde kali na muti laini, mushale inayumba kama nyoka. Upinde laini na muti ngumu, mushale inaenda kando kusalimia jirani. Weye ulikuwa baba ya bwana, mimi baba ya bibi, na nguruwe njo ilikuwa inakula karamu.

Kazi yangu uliiona siku zote. Fito ya kichaka, nene kama kidole ya mwisho, unaifunga mafungu, unaitundika juu ya moto ya jiko mpaka moshi inaingia ndani. Kisha unamenya. Unapasha ku makaa kidogo kidogo, unanyoosha na vidole wakati ingali na moto, unakwangua na kipande ya chupa. Unafunga jicho moja, unaangalia kutoka mukia mpaka kichwa. Ukiona kona, unarudisha ku makaa. Kuko miti yenye inakuomba asubui muzima, na kuko yenye inakudanganya: leo imenyooka, kesho unaikuta imerudia tabia yake.

Kwa ile kazi weye ulikuwa bure kabisa. Lazima niiandike, juu barua kwa marehemu inapashwa kusema ukweli. Ulizaliwa mukono ya kushoto, na upinde haikuona shida, lakini muti ya mushale iliona. Ulikuwa unapasha upande isiyo yake, unanyoosha kupita kipimo, unafunga jicho isiyo yake. Siku moja tu ulinisaidia fungu moja, na mushale ya kwanza yenye muteja alijaribu iliingia mu paa ya kanisa ya jirani zetu baprotestanti. Balikuwa banaimba. Baliacha kuimba.

Njo nikaipa jina: mushale mulevi. "Ndoyi, iyi imekunywa wapi? Ndoyi, iyi mushale ishikwe mukono ipelekwe nyumbani!" Nilikutania na ile neno mbele ya bateja, mbele ya bibi yako, hata ku mulango ya kanisa na maji ya baraka ingali ku vidole. Na weye ulikuwa unacheka tu na kujaza kikombe yako ya kasiksi, juu kwa mambo ya pombe ya ndizi, mishale yako haikulewaka peke yake.

Sasa nafika ku ile siku. Nimesimama. Nimekunywa maji. Nimekaa.

Ile wakati basoda ba rebelioni balikuwa banasema vijana ba pori banabapiga na mishale, donc kila mwenye kutengeneza mishale ni mutu wa pori. Vile tu. Mishale yetu ilikuwa ya nguruwe, lakini nguruwe haikukuja kushuhudia. Tulikuwa tunasikia ku mabonde ingine mafundi ba mishale banabebwa. Basoda banasema "twende," mutu anaenda, na bibi yake anabaki na sahani. Mimi na weye tulicheka. Tulisema Musienene ni mbali, basoda habapendi kupanda.

Balipanda. Ilikuwa saa ine ya asubui, jua muzuri. Kidogo mbele bafike, tumbo yangu iliniita, nikaingia mu maharagi yako, ile ya kupanda ku vijiti virefu nyuma ya jiko. Ulinikatazaka mara mia. "Ndoyi, choo iko hatua makumi mbili!" Lakini unajua mimi. Donc nilikuwa nimechuchumaa, suruali ku magoti, wakati nilisikia buti mu kiwanja.

"Kasereka mufundi wa mishale eko wapi?"

Jina ilikuwa ya sisi bote babili. Kazi ilikuwa yangu. Hata mutoto mwenye hajaota meno, hapa Musienene, anajua Kasereka wa Upinde ni nani na Kasereka wa Mishale ni nani. Nikajiambia: pandisha suruali, toka. Pandisha suruali, toka. Nilishika suruali na mikono mbili. Haikupanda. Iko kitambaa tu, ndoyi, haina hata mufuko moja muzima, na siku ile ilikuwa nzito kama jiwe ya kinu.

Njo nikasikia kiti yangu kulia. Nyeee.

Ulikuwa umehama. Ulitoka ku kiti yako ya miguu tatu, ukakaa ku yangu, karibu na kisu yangu, chupa yangu, fungu yangu ya miti. Na ukasema na ile sauti yako ya mutu mwenye kuulizwa saa: "Ni mimi, commandant."

Nilikuwa naona kupitia majani. Commandant alikuwa kijana wa miwani nyeusi, anatafuna muwa. Alitema. Alisema: "Kila muzee mu iyi kilima ni Kasereka! Jana nilibeba babili, mumoja anauza chumvi, mwingine kipofu! Nimechoka kubeba ba Kasereka ba bure." Alichomoa muti moja mu fungu, akakutupia ku magoti. "Nyoosha. Mi nione. Kama uko mufundi vraiment, twende."

Ulipuliza makaa. Uliweka muti ku moto na mukono ya kushoto, ukanyoosha, ukarudisha, ukafunga jicho, ulimi yako ikatoka kando ya mudomo. Na kitu yenye inanikatalia kukaa ku kiti mpaka leo ni iyi: nilikuona unajaribu. Haukucheza. Mutu mwenye akili angeiharibu kwa kusudi, apone. Weye jasho ilikuwa inakutoka. Ulikwangua, ukapima, ukarudisha ku makaa mara ine. Ulitaka inyooke, ndoyi. Ulitaka kabisa.

Na ikatoka mulevi kuliko zote. Kona mbili, na alama nyeusi katikati, fasi uliiunguza.

Commandant aliizungusha mbele ya jicho. Kisha kicheko ikamupasuka, muwa ikaanguka. Akaita bengine na Lingala yabo: "Botala! Elangwi!" Muangalie, imelewa! Neno yangu kabisa, ndoyi, mu kinywa yake. Na weye ukajibu polepole, macho chini: "Commandant, mufundi mwenyewe analewaka." Soda mumoja alicheka mpaka akakaa chini mu vumbi. Balikupiga teke moja ya kuaga, balivunja ku goti upinde yenye ulikuwa unachonga depuis mvua ya mbele, bakabeba kasiksi na mutungi yake, bakashuka.

Nilitoka mu maharagi. Ulikuwa unaokota vipande ya upinde. Haukuniangalia. Uliniuliza neno moja:

"Umemaliza?"

Nikajibu, "Nimemaliza."

Na ile njo mazungumuzo yote tulifanya juu ya ile siku. Yote. Haukuongeza, sikuongeza. Ulinipa kipande moja ya upinde ya kuweka ku moto, tukaota.

Kesho yake nilipanda juu ya magunia ya maharagi mu camion, nikashuka Butembo, nikaendelea mpaka Beni, kwa binti yangu Masika kule Mulekera. Nilisema naenda kumusaidia kulima. Masika alishika kiuno. "Tata, weye? Kulima?" Alicheka wiki muzima. Nilikaa kule mpaka maharagi ikapandwa na kuvunwa na kupandwa tena, na sikupata hata siku moja ya kukaa muzuri. Unajua Beni: kila dakika mutu anaita Kasereka mu njia. Kasereka, leta baisikeli! Kasereka, mama yako anakutafuta! Kila mara nilikuwa nageukia ukuta. Masika alizania nimekuwa kiziwi.

Kisha habari ikafika: ndoyi anaumwa kifua. Nilizania ni kikohozi yako ya mvua. Nilifika na matope mpaka magoti, na ulikuwa tayari mu sanduku, na uso ya mutu mwenye kushinda mabishano.

Ku matanga Kavira alisimama mbele ya batu bote. Alisema: "Bwana yangu, kisha basoda kumuharibia jina, aliniambia neno moja. Alisema: Bakirudia, basinikute mulevi."

Katekista aliruka kama mutu amepewa samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, bila kuomba. Akafanya mahubiri pale pale. Muone, bandugu! Basoda balimukuta mulevi, akapata haya, akaacha pombe mu uzee wake! Nani hapa atafuata mufano yake? Mitungi ya kasiksi yenye ilikuwa imeandaliwa ikapelekwa nyuma ya nyumba kwa heshima yako, imefunikwa na majani ya ndizi, na bazee bakaiangalia ikienda na machozi ya kweli, ya kwanza ya ile siku. Ile mitungi njo ilikuwa sanduku ya pili, ndoyi. Balikulilia weye, mais ile baliililia zaidi.

Na mimi nilicheka. Peke yangu. Kisha nikalia na sauti ya mbuzi. Balinitoa inje, bakasema ni uchungu ya ndoyi yake, mumuache. Juu ile neno niliijua. Kwa mudomo yako na yangu, mulevi haikuwa mutu wa kasiksi. Mulevi ilikuwa mushale. Lakini sikujua ulitaka kusema nini, na nani ningemuuliza?

Wiki tatu kisha, Kavira ananiita. "Bwana ya jina, beba iyi, ni vitu ya kazi yenu, panya itaimaliza." Gunia ya zamani ya chumvi, ilikuwa imetundikwa mu moshi juu ya moto. Nilifika nayo kwangu, nikafungua. Miti saba ya mishale.

Ya kwanza niliitambua mbele ya kuitoa yote: kona mbili, alama ya kuungua katikati. Ulikuwa umeiweka! Moshi imeikausha mpaka imekuwa rangi ya kahawa. Ile sita ingine ni nyeupe-nyeupe, changa, kila moja changa kuliko yenye kuitangulia. Nikazipanga chini. Ya pili imelewa, lakini inajua njia ya nyumbani. Ya tatu imekunywa nusu. Ya ine inashika ukuta. Ya tano inasema haijakunywa, na mutu ananusa. Ya sita, kidogo tu, karibu na mukia. Ya saba...

Nilifunga jicho moja, nikaangalia kutoka mukia mpaka kichwa. Nikafunga ile ingine. Nikaizungusha juu ya kucha, haikutetemeka. Nikailaza ku jiwe, haikuacha hata fasi ya unywele. Nilitafuta kosa asubui muzima, na unajua namna napenda kukukuta na kosa. Hakuna. Na mikwaruzo ya chupa inaenda kinyume na yangu, inatoka kushoto. Ni mukono yako. Mimi mwenyewe, mufundi, niko na mishale kama ile labda kumi mu maisha yangu, na kumi ile nimeongeza kidogo.

Nilirudi kwa Kavira, nikamuuliza kama mutu wa kupita tu. Alisema ndiyo, wakati niko Mulekera ulikuwa unajifungia mu jiko, moshi inatoka, hautaki mutu aingie. Alizania unakunywa kwa siri.

Njo nikaelewa, ndoyi. Ulikuwa unajifunza kuwa mimi.

Mara ya kwanza ulitaka kubebwa fasi yangu na mukono yako ikakuangusha, balicheka, bakakuacha. Basi muzee wa meno kumi na moja akajifungia na makaa na chupa, mwezi kisha mwezi, ili bakirudia kutafuta Kasereka wa Mishale bamukute, bamupime, basiwe na mashaka, basiende kutafuta mwingine nyuma ya jiko. Na mwingine alikuwa Mulekera, anakula sombe ya binti yake, anasema hewa ya hapa ni muzuri kwa magoti.

Mujinga weye. Nani alikuomba? Nilikuomba mimi? Nilikuomba utengeneze kiti! Miaka makumi mbili nakuomba kitu moja tu, na ile haukufanya!

Samahani. Nimetoka inje kidogo. Mbuzi iko pale.

Kavira hajui kitu. Anazania basoda balikosea jina, kama balivyokosea kwa muuza chumvi na kipofu. Anazania uliacha pombe. Nikimwambia, namunyanganya bwana mwenye kutubu, mwenye parokia muzima inamusifu, namupa mimi na suruali ku magoti. Na kisha hapo nani ataniita bwana ya jina? Lakini nikinyamaza, mushale ya saba itabaki mu gunia kama kijiti ya maharagi, na hakuna mutu atajua mikono yako ilifanya nini.

Naweka Bic chini. Naenda sasa, mbele miguu ibadili mawazo. Nikirudi, nitaendelea. Nisiporudi, ujue amenipiga na muti ya kutwanga, unifanyie fasi.

Nimerudi.

Nilimukuta ku mulango ya jiko, amekaa ku kiti yako, anachagua maharagi ku lungo. Mimi sikukaa ku yangu; niliogopa ilie kabla yangu. Nilisimama na nikasema yote bila kupumua, kama mutoto wa catéchisme. Maharagi, suruali, jina, kiti, muti, "twende," "umemaliza," "nimemaliza." Nikamueleza mulevi ni nini. Kisha nikalaza ku lungo, juu ya maharagi, mushale ya kwanza, ile mulevi, na ya saba.

Hakuinua kichwa. Maharagi upande uyu, mawe upande uyu. Nilizania hakunisikia, nilikuwa naanza kufurahi.

Njo akasema: "Donc hakunidanganya."

Sikuelewa. Aliniambia siku ulimupa ile neno ya "basinikute mulevi" ulitoka mu jiko na mikono nyeusi, unacheka peke yako, na yeye akapiga magoti kushukuru Mungu. Kesho yake akakukuta na kikombe. Kesho kutwa, kikombe. Mpaka ku kitanda ya kifua, sauti imeisha, ulikuwa unaomba kasiksi na macho. Ku matanga alisema ile neno mbele ya batu ili akufunike haya, mais mu moyo alikuwa amekukasirikia: bwana yangu amekufa na ahadi ya uongo. Hata ku kaburi yako alikuwa anafika uso imekunjwa, anang'oa majani, anarudi bila kukusemesha. Haukuona? Weye hauonaka kitu.

Alichukua mushale ya saba. Alifunga jicho moja, vile alituonaka tukifanya sisi babili, akaangalia kutoka mukia mpaka kichwa. "Kumbe haikuwa pombe aliahidi," akasema. "Aliahidi mushale. Na mushale, aliitimiza."

Kisha akanipiga na lungo.

Maharagi iliruka fasi yote. Pigo ya kwanza ilikuwa juu ya kunyamaza. Ya pili juu ya Beni. Ya tatu nilizania ni yako, lakini hapana: "Na iyi ni ya shamba yangu! Mwaka muzima najiuliza juu ya nini mustari ya nyuma ya jiko inazaa kuliko yote!"

Nilicheka, ndoyi. Yeye pia. Tukapiga magoti bote babili kuokota, na alikuwa anacheka anaokota, analia anaokota, na mimi nilikuwa nasukuma maharagi upande yake ili nisione uso yake. Ilichukua wakati murefu. Alinipa viazi kisha, na nilikula nimekaa. Ku kiti yangu. Ililia, akasema, "Bwana ya jina, karibu," kama vile nimefika sasa.

Mushale ya saba amebaki nayo. Ameichomeka juu ya mulango, karibu na musalaba, na katekista ataeleza mwenyewe. Ile ya kwanza, mulevi, alinirudishia. "Weye uko mufundi," alisema, "nyoosha."

Sitainyoosha. Iyi njo ahadi yangu ya kwanza. Iko hapa ku meza, na kona zake mbili, na alama yake nyeusi. Kila mushale nilinyoosha mu maisha yangu ilikuwa ya kufukuza nguruwe. Iyi moja ilifukuza kitu ingine.

Ahadi ya pili ni fupi. Ku soko banasema basoda bapya banaanza tena kuuliza majina. Nimeweka mukanda ku suruali. Nafanya kazi yangu kila asubui mbele ya jiko yako, ku kiti yenye kulia, si mu maharagi wala Mulekera, na bakifika kuuliza mutu, weye endelea kulala. Haujaitwa. Nitaitika mimi.

Wasingya, ndoyi. Mimi sijui kusema asante na Kiswahili bila kutania, donc nimesema na ya mama zetu. Usinitafutie fasi haraka kule. Na kama iko kiti mbili, utengeneze moja.

Iyi kaye haitaenda mu kaburi yako, itakaa ku meza, wazi. Ikianguka mu mikono ya barrière, ianguke. Nakuandikia jina na kazi yangu hapa chini, muzima, na herufi kubwa, zinatembea vile zinatembea. Sasa uniulize ile neno yako. Ndiyo, ndoyi. Leo njo nimemaliza.

KASEREKA, MUFUNDI WA MISHALE
Ni mimi.